Ameshika ukurasa wa 14, anasoma wa 12

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Nina watoto 58, na huu ni mwaka wangu wa nne kazini. Nimesita sana kuandika barua hii kwa sababu ninachotaka kusema ni aibu yangu mwenyewe.

Kila asubuhi tunafungua kitabu. Mimi nasoma mstari, wao wanaitikia. Nasoma tena, wanaitikia tena, mpaka ukurasa unaisha. Wakishazoea nawaacha wasome wenyewe, darasa zima kwa sauti moja, na kwa kweli wanapendeza. Wageni wakija wanapiga makofi. Mkaguzi aliyepita muhula uliopita alinisifu mbele ya walimu wenzangu. Nami nikaamini kwamba darasa langu linasoma.

Wiki mbili zilizopita, wenzake wakiwa uwanjani kwa michezo, mtoto mmoja alibaki darasani kwa sababu alikuwa na kidonda mguuni. Nikamwambia, lete kitabu unisomee. Akafungua, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza. Alisoma vizuri, hakukwama hata mahali pamoja, na kidole kinatembea. Nilipoinama kuangalia, nikakuta amefungua ukurasa wa 14, na anachokisoma ni ukurasa wa 12. Alifika mwisho, akanitazama akitabasamu, anasubiri nimpigie makofi kama ilivyo kawaida yetu.

Nilimpigia. Sikujua nifanye nini kingine.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaita mmoja mmoja wakati wa mapumziko. Hawasomi kitabu, nawaandikia neno kwenye karatasi. Katika watoto 20 wa kwanza, 11 hawakuweza kusoma neno "kamata". Neno hilo halimo kwenye kitabu chetu, na nadhani hiyo ndiyo sababu.

Kuna jambo la pili. Tuna vitabu vya hadithi 40, vizuri, vyenye picha za rangi, vimefungiwa kabatini. Ufunguo ninao mimi, na niliambiwa kikipotea kimoja nitakilipa. Kwa hiyo havitoki, isipokuwa mara mojamoja ninapompa mtoto msumbufu akae pembeni anakili ukurasa mzima kama adhabu. Juzi msichana anayesoma vizuri kuliko wote alimaliza zoezi mapema. Nikamwambia, nenda kabatini uchukue kitabu ukae usome. Akasimama palepale, macho yakamlenga machozi, akauliza, "Mwalimu, nimefanya nini?"

Nilijaribu kuanza kuwasomea hadithi kabla ya kwenda nyumbani. Mwalimu mkuu alipita dirishani, baadaye akaniita akaniambia hadithi ni za chekechea, na mimi nina mtihani wa kila wiki wa kuwaandalia.

Naomba unishauri. Niwarudishe wote kwenye ba be bi bo bu? Muda nitautoa wapi? Na mtoto ambaye ameshaona kitabu ni adhabu, unamfanyaje akipende?

Mwalimu wa darasa la pili

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Umesema ni aibu yako. Mimi nimeisoma barua yako mara tatu na sijaiona hiyo aibu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nawe hukuficha. Uliinama ukaangalia ukurasa. Wapo walimu wanaostaafu bila kuinama hata siku moja, na mimi nilikaribia kuwa mmoja wao, maana ilinichukua miaka mingi kuliko yako kugundua kwamba darasa linaloitikia vizuri na darasa linalosoma ni vitu viwili.

Tuanze na huyo mtoto wa ukurasa wa 14. Hakukudanganya. Ulimfundisha kwamba kusoma ni kusikia mwalimu, kushika maneno kichwani na kuyatoa tena kwa sauti nzuri huku kidole kinatembea. Alifanya hayo yote bila kosa. Ukurasa mzima ameukariri neno kwa neno, na hiyo ni akili kali. Kilichokosekana ni kwamba hakuna aliyemwonyesha kuwa zile alama nyeusi kwenye karatasi ndizo zinazosema, na kwamba zikibadilika, maneno nayo yanabadilika. Kwake ukurasa ni picha ya kutazama wakati wa kuimba.

Kuitikia kwa pamoja kunaficha jambo hilo kwa miezi, hata miaka. Simama nyuma ya darasa kesho wakati wanasoma kwa sauti moja, funga macho, sikiliza mwanzo wa kila mstari. Utasikia sauti chache zinatangulia, pengine tano au sita, halafu wimbi la wengine linafuata nyuma kidogo tu. Hao wachache ndio wanaosoma. Waliobaki wanawasoma wenzao. Sikuambii uache kuitikia kabisa, kwa sababu mtoto mwenye haya hupata ujasiri ndani ya sauti za wenzake. Lakini kwanza kila mtoto asome peke yake kwa kunong'ona, halafu asome na jirani yake, halafu ndipo darasa zima. Na siku nyingine geuza mambo: waanze na mstari wa mwisho, au uandike ubaoni sentensi ya kitabu ukiwa umebadilisha neno moja. Atakayesoma neno la zamani amekuonyesha mwenyewe pa kuanzia.

Sasa, ba be bi bo bu. Wengine watakuambia hiyo ni njia ya kizamani, itupe. Mimi sikubaliani nao. Kiswahili kinaandikwa karibu sawasawa na kinavyotamkwa, kina irabu tano tu, na silabi zake nyingi ni konsonanti na irabu. Hiyo ni bahati kubwa ambayo hatuishukuru vya kutosha. Philip Seymour na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, walilinganisha watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya. Wale wanaosoma lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, kama Kifini, walikuwa wanasoma maneno karibu yote bila kosa ifikapo mwisho wa mwaka wa kwanza shuleni, wakati wanaojifunza Kiingereza walikuwa nyuma sana. Sisi tuko upande wa Wafini. Mtoto akishaijua "ka", ni "ka" popote atakapokutana nayo, haimgeuki.

Kasoro ya ba be bi bo bu ni kukaa hapohapo. Mtoto anaimba ba be bi bo bu wiki nzima, inayofuata anaimba da de di do du, na muhula unakwisha hajasoma neno hata moja lenye maana. Mtu mzima angevumilia kupiga makasia muda wote huo bila kuona nchi kavu? Mpe neno siku ileile anayopata silabi, na sentensi wiki ileile.

Nikuonyeshe. Chukua irabu tano na konsonanti mbili tu, k na t. Andika ubaoni:

Kuku akaketi katika kiti.
Kaka ataka kiti.
Kuku akataa kutoka.

Hakuna herufi nyingine humo, hesabu mwenyewe. Lakini ni hadithi. Ina mwenye kiti, ina ugomvi, na haijaisha. Nilipoiandika ubaoni mara ya kwanza, nilisikia minong'ono ya silabi, ku-ku, a-ka-ke-ti, kisha ghafla mtoto mmoja wa dawati la nyuma akacheka. Mmoja tu. Wenzake wakageuka kumtazama, hawajui anacheka nini, wakarudi ubaoni haraka kutafuta. Kicheko kile ndicho kipimo nilichokiamini kuliko mitihani yote niliyowahi kusahihisha, kwa sababu huwezi kucheka kitu ulichokiimba tu. Halafu waulize kaka atafanya nini. Wape m na l wiki inayofuata, wakuandikie wenyewe: kuku amelala, kaka amelia, mama akaitika.

Wale 11 walioshindwa "kamata" usiwarudishe mwanzo kabisa pamoja na darasa zima. Utawachosha wanaojua na kuwaaibisha wasiojua. Tafuta kila mmoja anakwama wapi. Yuko anayejua silabi mojamoja lakini akifika ya tatu ameshasahau ya kwanza. Huyo anahitaji maneno mafupi mengi, si silabi zaidi. Yuko ambaye hatofautishi sauti zenyewe, na hapo kitabu hakisaidii, yanasaidia masikio. Wapigishe makofi: m-to-to, makofi matatu, kwa sababu ile m inajitegemea. Mbu-zi, makofi mawili, kwa sababu m imeshikana na b. Watoto wengi hukwama hapahapa kwenye mb, nd, nj, ng, wakasoma "mabuzi" au wakaandika "buzi", nasi tunadhani ni uzembe. Vivyo hivyo ngoma na ng'ombe. Ile alama ndogo ya juu hawaioni mpaka uwaambie inasema nini. Waache watamke huku wameshika pua, wasikie sauti ya ng' inavyopita puani. Wataipenda kazi hiyo na hawataisahau.

Umeuliza muda utautoa wapi, na una watoto 58. Ukimsikiliza kila siku mtoto mmoja akisoma peke yake, utawamaliza baada ya wiki kama 12 za masomo. Ukiwasikiliza wanne kwa siku, dakika mbili tatu kila mmoja, wengine wakiandika, ndani ya wiki tatu za masomo umewasikia wote. Fanya hivyo. Pata daftari moja, kila mtoto nusu ukurasa. Usiandike alama. Andika neno alilokwama na alichosema badala yake, basi. Anayesoma "kalamu" kuwa "kamula" na anayesoma "kalamu" kuwa "penseli" wana matatizo tofauti kabisa: wa kwanza anaziona herufi ila anazipanga vibaya, wa pili ameangalia picha. Alama 4 kwa 10 haikwambii hilo. Wale wagumu zaidi wasikilize mara mbili kwa wiki. Na mtoto akikwama, usimtajie neno haraka. Hesabu moja mpaka tano kimyakimya. Utaona ni muda mrefu, lakini humo ndimo anamojifunza.

Muda uliobaki wasome wawili wawili, anayejua kidogo zaidi na anayejua kidogo pungufu. Nasema kidogo. Ukimweka bingwa na asiyejua herufi, bingwa atasoma yeye na mwenzake atatazama dirishani.

Lakini silabi peke yake haitoshi. Watafiti Philip Gough na William Tunmer, mwaka 1986, waliliweka jambo hili kama hesabu: kusoma ni kutambua maneno mara kuelewa lugha. Hawakusema jumlisha, walisema mara, na namba yoyote mara sifuri ni sifuri. Ndiyo maana utakutana na mtoto anayesoma kila neno vizuri, ukimuuliza amesoma nini anakutazama tu. Kama darasani mwako wapo watoto ambao nyumbani wanazungumza lugha nyingine, usishangae. Huyo anatamka maneno ambayo hajawahi kuyasikia yakitumika. Kabla hajafungua ukurasa, mwambie hadithi kwa mdomo, igize, mwonyeshe picha, ataje vitu kwa lugha yake kisha kwa Kiswahili. Akifika kwenye maandishi awe anakutana na watu anaowajua.

Hapo ndipo nisipokubaliana na mwalimu mkuu wako, na nasema kwa heshima zote: hadithi si za chekechea. Amekosea. Lugha ya vitabuni ni pana kuliko ya mazungumzo. Ukikaa na watoto siku nzima utawaambia kaa, nyamaza, andika, leta, njoo. Hutawaambia alinyemelea, au jua lilikuwa linachungulia, au moyo ulimdunda. Hayo wanayapata ukiwasomea, na siku watakapoyakuta wao wenyewe kwenye karatasi watayatambua, kwa sababu walishayasikia. Dakika 10 za kuwasomea kila siku ni kufundisha msamiati na ufahamu, na vyote viwili vimo kwenye mtihani wake.

Usibishane naye, hata hivyo. Nenda na lile daftari. Mwonyeshe watoto 11 na neno "kamata", mwambie hali ilivyo kabla hajaambiwa na mtu mwingine, kisha mwombe wiki sita za dakika 10 kwa siku na umwahidi kuwasikiliza tena watoto walewale mbele yake. Mkuu wa shule anaogopa matokeo mabaya kuliko anavyochukia hadithi. Mpe sababu ya kukuunga mkono.

Namna ya kuwasomea nayo ina kazi yake. Kisome kitabu mwenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo, ujue pa kushusha sauti na pa kunyamaza. Wasogeze wakae karibu, wanaweza kuketi sakafuni. Onyesha jalada, waulize wanaona nini. Fika mahali pazuri, mkono ukiwa kwenye kona ya ukurasa, usiugeuze. Waulize kuna nini upande wa pili. Usiwaulize "Sungura alikula nini?" peke yake, maana hilo jibu lake ni moja na hujibiwa na mtoto mmoja yuleyule kila siku. Waulize angefanyaje yeye, na kwa nini mama yake Sungura alikasirika ilhali kitabu hakijasema. Grover Whitehurst na wenzake waliujaribu utaratibu wa namna hii kwa watoto wadogo, wakachapisha matokeo mwaka 1988: watoto ambao mzazi aliwauliza na kuwaacha wao wasimulie walikua kilugha haraka kuliko wale ambao wazazi wao waliwasomea kama walivyozoea. Na wakikuomba kitabu kilekile mara ya nne, wasomee. Mara ya nne ndiyo wanaanza kukutangulia maneno, na kidole chako kikiwa chini ya neno wanalolisubiri, watalitazama.

Sasa kabati.

Mwanangu, hapo nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu lile swali la msichana, "Mwalimu, nimefanya nini?", lilinifanya niweke barua chini nikatoka nje. Kesho, kabla ya lolote, mwambie darasa zima kwamba ulikosea kutumia vitabu kama adhabu, na kwamba hutarudia. Tumia neno hilo hilo, nilikosea. Watoto hawamdharau mwalimu anayesema hivyo. Msichana yule mwite pembeni umwambie kwamba hakufanya kosa, ulikuwa unampa zawadi ukasahau kumwambia. Halafu mwache achague mwenyewe. Asipotaka, basi, kesho yake tena. Mtoto aliyeumizwa na kitabu hurudishwa na kitabu anachokichagua kwa mkono wake, na hilo halina njia ya mkato ninayoijua.

Kuhusu kulipa, nenda kwa uongozi kabla ya kufungua kabati, mkubaliane kwa maandishi kwamba kitabu kilichochakaa kwa kusomwa hakilipwi na mtu. Nadhani watakubali ukiwaeleza kwamba vitabu 40 vilivyofungiwa ni hasara tayari. Baada ya hapo vitoe vyote. Vitabu 40 kwa watoto 58 vinatosha wakisoma wawili wawili, na 11 vinabaki kwa wanaotaka kubadilisha. Chagua watoto wanne kila wiki wawe wakutubi: kugawa, kukusanya, kuhesabu, kubandika selotepu kwenye kurasa zilizochanika. Wakutubi hao wawemo na wale wasumbufu uliokuwa unawaadhibu, tena uanze nao. Anayeazima aandike jina lake mwenyewe kwenye daftari, hata kama ni kwa herufi tano zilizopinda.

Utapoteza vitabu viwili vitatu. Wacha vipotee.

Na usingoje vitabu vipya kutoka kwa mtu. Kunja karatasi nne katikati, shona kwa uzi, una kitabu chenye kurasa 16. Wale kuku na kaka wako wanaingia humo, kila ukurasa sentensi moja na picha aliyoichora mtoto, jina la mwandishi kwenye jalada. Kama shule ina kompyuta na printa, tafuta hadithi za mradi wa African Storybook. Zipo za Kiswahili nyingi, zimepangwa kwa viwango, na leseni yake inaruhusu kuchapisha na kunakili bure.

Jambo moja nikuonye, maana litakujia kichwani: zawadi kwa aliyesoma vitabu vingi zaidi. Nilifanya hivyo. Watoto wakaanza kuchagua vitabu vyembamba na kufunua kurasa kama wanaohesabu noti, na waliokuwa nyuma wakajua hawawezi kushinda, wakaacha. Mtafiti Keith Stanovich, naye mwaka 1986, aliandika kuhusu pengo hili akaliita athari ya Mathayo, kwa yale maneno ya Injili kwamba mwenye nacho ataongezewa: anayesoma vizuri husoma zaidi, na kwa kusoma zaidi akazidi kuwa hodari, huku asiyejua akikwepa na kuzidi kubaki nyuma. Mashindano yangu yalilipanua pengo kwa mikono yangu.

Na usidhani kwamba vitabu vikishatoka kabatini kazi imekwisha. Mwaka 2000 jopo la taifa la kusoma la Marekani lilipitia tafiti nyingi sana, na halikupata ushahidi wa kutosha kwamba kuwaambia tu watoto wasome kimya wenyewe huwaongezea ufasaha. Asiyejua kusoma ukimpa kitabu na nusu saa, atatazama picha. Silabi asubuhi, hadithi mchana, na wewe katikati unasikiliza wanne.

Baada ya wiki hizo sita, kama yupo mtoto ambaye hajasogea hata kidogo ilhali wenzake wamesogea, mwangalie macho na masikio kwanza. Anakunja uso akitazama ubao? Anageuza shingo ukimwita? Mlete mbele, zungumza na wazazi wake, waombe apimwe. Kuchanganya b na d ni kawaida kwa wanaoanza, usimpe mtoto jina la ugonjwa kwa hilo peke yake. Lakini likiendelea pamoja na mengine, tafuta mtaalamu wa elimu maalumu mapema, usingoje darasa la nne.

Nirudi kwa mtoto wako wa ukurasa wa 14, kwa sababu najua ndiye anayekunyima usingizi. Usimwambie ulimgundua. Kaa naye na karatasi tupu, mwambie akusimulie jinsi alivyopata kile kidonda mguuni. Andika anavyosema, kwa maneno yake, sentensi tatu tu, kwa herufi kubwa. Msomee ukifuata kwa kidole, asome na yeye. Ataisoma kwa kichwa, mwache. Kisha chukua mkasi, kata sentensi ya kwanza neno kwa neno mbele ya macho yake, changanya vipande mezani, mwambie airudishe hadithi yake kama ilivyokuwa.

Hapo hana wa kumfuata na hana wimbo. Itabidi atazame. Atashika kipande, atakitamka polepole, atakiweka, atakiondoa. Usimsaidie mpaka akuombe. Akimaliza, tia vipande kwenye bahasha, andika jina lake juu, aende navyo nyumbani akampangie mtu. Kesho yake muulize alimpangia nani, halafu mkate sentensi ya pili.

Uniandikie.